Mwajiri Aliondoka, Mkaguzi Akabaki

Mwaka 2013 Muhidin Maalim Gurumo alitangaza kwamba anaacha muziki. Alikuwa ameimba kwa takriban nusu karne, akiwamo tangu siku za mwanzo katika NUTA Jazz iliyoundwa 1964, na ni vigumu kumpata mpenzi wa dansi Tanzania asiyeitambua sauti yake kabla mtangazaji hajataja jina. Haukupita muda mrefu Diamond Platnumz, kijana wa umri wa wajukuu zake, akamzawadia gari. Picha zikajaa magazetini, watu wakapiga makofi, na kijana yule aliyastahili. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, mzee akafariki.

Ukiitazama zawadi ile kwa jicho la mhasibu, furaha inapungua. NUTA ilikuwa chama cha wafanyakazi wa nchi nzima, chombo kilichokuwepo ili mtu aliyetumikia miaka mingi asiondoke mikono mitupu. Bendi ilibadili jina kila chama kilipobadili: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU. Ukiacha miaka aliyohamia Mlimani Park na baadaye Orchestra Safari Sound, Gurumo aliutumia utu uzima wake akiimba chini ya bendera ya watu waliokuwa wakidai mafao ya wengine. Gari lake la kustaafia likatoka mfukoni mwa msanii mwenzake.

Kuna maelezo mepesi ya kuporomoka kwa dansi, na kila mtu anayo. Disko liliingia, Bongo Fleva ikaja, vijana wakabadili ladha, basi. Sikatai kwamba ladha ilibadilika. Ladha hubadilika kila mahali. Lakini maelezo hayo yanaitoa serikali nje ya hadithi ambayo yenyewe ndiyo iliyoianzisha, ikailipia, na baadaye ikaiacha njiani. Ninachosema hapa ni kwamba sera ya sanaa ya Tanzania ilikuwa na mikono miwili, mmoja wa kulisha na mwingine wa kukagua. Fedha zilipokwisha, mkono wa kwanza ulirudishwa. Wa pili haukurudishwa, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na aliyekumbuka kumpa msanii kitu cha kumiliki.

Tuanzie 1962. Desemba ya mwaka huo, akihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri mpya, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba mkoloni alitufanya tuamini hatuna utamaduni wetu, na akawasema wasomi waliojua kucheza rumba, chachacha na twisti lakini hawajawahi hata kusikia habari za gombe sugu au lelemama. Hotuba ile bado inatajwa kila penye semina ya utamaduni. Kinachosahaulika ni kwamba rumba na chachacha alizozisema ndizo zilizokuwa chakula cha kila siku cha bendi za dansi za Dar es Salaam, Morogoro, Tabora na Tanga. Kwa maana hiyo muziki uliokuja kubebwa na mashirika ya umma kuliko sanaa nyingine yoyote ulianza safari yake ukiwa mtuhumiwa.

Kwanza zililishwa sanaa zilizoonekana safi. Likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, baadaye likaja kundi la maigizo. Azimio la Arusha lilipotoka 1967, washairi, wanakwaya na waigizaji waliombwa walieneze, na wengi walikubali kwa moyo mweupe. Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha washairi, UKUTA, waliandika ngonjera zilizoghaniwa kwa kupiga vifua mashuleni nchi nzima. Si haki kuwacheka leo. Waliamini, na nchi iliwasikiliza, jambo ambalo mshairi wa sasa angelifurahia. Ila mwanzo ule uliweka kipimo: sanaa ni chombo cha kupeleka ujumbe, na thamani ya msanii ni jinsi anavyoufikisha. Kipimo hicho kilikuwa na nafasi ya mshahara na nafasi ya onyo, wala hakikuwa na nafasi ya mali.

Dansi liliingia kwenye mfumo kwa mlango wa nyuma, kupitia mashirika. Baada ya NUTA, Umoja wa Vijana wa TANU ukaunda Vijana Jazz mwaka 1971. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, usafiri wa jiji ukawa na UDA Jazz. Polisi, Magereza, Jeshi na JKT nao walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na kampuni ilipoyumba, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua 1983.

Sababu za mashirika kujiingiza kwenye dansi zilikuwa za kawaida kuliko itikadi. Bendi ilikuwa matangazo, ilikuwa burudani ya wafanyakazi, na pale ukumbi ulipojaa ilikuwa pia biashara. Kwa upande wa mwanamuziki sababu ilikuwa moja tu, nayo ni vyombo. Katika miaka ya sabini na themanini gita la umeme, ampilifaya na seti ya ngoma vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni ziligawiwa kwa kibali. Mpiga gita wa Ilala asingeweza kwenda dukani kununua Fender hata angekuwa na shilingi gunia zima. Shirika la umma lingeweza kuomba. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na mwanamuziki alikuja na kipaji chake na shati la sare, ambalo mara nyingi nalo lilikuwa la shirika.

Hapa pana utamu ambao wasiokuwepo hawauelewi. Mshahara wa kila mwezi ulizaa ufundi. Bendi yenye watu zaidi ya kumi na watano, wapuliza tarumbeta na saksafoni watatu au wanne, magita matatu na waimbaji wa kupokezana, haiwezi kuishi kwa mapato ya mlangoni peke yake. Inahitaji mtu wa kuwalipa siku ya mazoezi, siku ya mvua, na mwezi wa Ramadhani ambapo kumbi hulala. Mashirika yalilipa. Kwa hiyo Michael Enoch, aliyeitwa King kwa heshima na Mwalimu wa Walimu kwa haki, aliweza kukaa na vijana akawafundisha kuyapanga magita yasikanyagane. Waimbaji walijifunza kuachiana nafasi. Bendi nazo zilichukuana wachezaji kama timu za Kariakoo: leo mwimbaji Bitchuka yuko Sikinde, yaani Mlimani Park, kesho yuko Msondo, yaani JUWATA, mashabiki wananuniana wiki nzima. Ukisikiliza kanda za kati ya 1978 na 1985 unasikia watu waliokuwa na muda. Muda ule ulilipiwa na walipa nauli za UDA na wakata bima.

Lakini tazama kilichoandikwa katika makubaliano yale na kisichoandikwa. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani. Alipata mshahara, pengine na asilimia fulani ya mapato, na akiondoka aliacha vyombo, jina la bendi, na mtindo. Nyimbo zake je? Hili halikuulizwa kwa sauti kwa sababu jibu lilikuwa mikononi mwa Redio Tanzania Dar es Salaam.

Kwa miaka mingi RTD ndiyo iliyokuwa studio ya kurekodia kwa bendi nyingi za Tanzania Bara. Kampuni ya Filamu Tanzania ilipewa jukumu la santuri, ikasuasua, na nchi haikuwahi kuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Waliotaka santuri walivuka kwenda Nairobi, hadi mpaka wenyewe ulipofungwa 1977. Mbaraka Mwinshehe, mtu aliyepeleka Morogoro Jazz hadi maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, alirekodi Kenya na akafa Kenya, kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Waliobaki nyumbani waliingia studio za Barabara ya Pugu, wakapiga wimbo moja kwa moja mbele ya vipaza sauti vichache, wakosee warudie wote tangu mwanzo, wakapewa malipo kidogo, wakaondoka. Kanda ilibaki redioni. Wimbo ulipigwa mara mia mbili, mara elfu, na kila ulipopigwa mwanamuziki alipata sifa.

Mwaka 1973 redio hiyo ilifunga mlango kwa muziki wa kigeni, na bendi za nyumbani zikapata nafasi ambayo hazijawahi kuipata tena. Upo ushahidi mzuri kwamba hatua ile ilikuza muziki. Hata hivyo ni redio ileile iliyokuwa na kamati ya kupitia mashairi kabla ya kurekodi. Wimbo wa mapenzi uliopita kiasi ulirudishwa, wimbo wa kumsema kiongozi haukuandikwa, sembuse kupelekwa, na ndiyo maana watunzi wakawa mabingwa wa mafumbo. Remmy Ongala, aliyekuwa nje ya mashirika ya umma, alipoamua kuimba waziwazi kuhusu kinga dhidi ya UKIMWI katika Mambo kwa Soksi, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo uliwafikia watu kwa kanda za kunakiliwa. Ulikuwa ujumbe wa afya ya jamii, ndicho hasa sera ilichodai kukitaka kwa wasanii, na bado ulikwama kwa mkaguzi.

Nimetaja muundo huu kwa kirefu kwa sababu kilichofuata ni matokeo yake tu. Kufikia katikati ya miaka ya themanini mashirika yalikuwa yamechoka. Biashara ililegezwa 1984, mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini 1986, na kila meneja akaanza kuulizwa kwa nini kampuni ya bima inalipa mpuliza saksafoni. Ni swali halali kwa mhasibu. Makundi ya taifa ya ngoma, sarakasi na maigizo yalikwishavunjwa, na mahali pake kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho kimetoa wasanii wazuri na kimekuwa kikihemea fedha karibu maisha yake yote. Ukumbi wake ulipoungua moto mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliojengwa upya ulitegemea sana fedha za Wasweden.

Bendi zikaanza kuachwa moja baada ya nyingine, nyingine kwa barua, nyingine kwa mshahara kuchelewa mpaka watu wakaelewa wenyewe. OTTU Jazz ikabaki Msondo Ngoma, bendi isiyo na chama. Mlimani Park ikashika jina la Sikinde na kujitafutia. Bima Lee na UDA zikazimika. Waliorithi vyombo walirithi spika zilizopasuka na gita lenye nyuzi za kuunganisha.

Mtu atasema soko huria lilileta pia fursa: sheria ya utangazaji ya 1993, Radio One na ITV mwaka 1994, kumbi mpya, wafanyabiashara wenye pesa. Ni kweli, na hapo ndipo pengo la mali lilipouma. Mtu anayeingia sokoni anahitaji kitu cha kuuza. Mwanamuziki wa dansi aliingia akiwa na sauti na vidole tu. Nyimbo zilizompa jina zilikuwa kwenye makabati ya redio. Kanda zake ziliuzwa Kariakoo na watu waliozinakili kwa mashine mbili na kaseti tupu za kutoka Dubai. Marijani Rajabu, mtunzi wa Zuwena, mmoja wa waandishi bora wa hadithi katika wimbo ambao Kiswahili kimewapata, miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda kwenye kibanda ili aishi. Alifariki 1995. Serikali ilimpa nishani miaka mingi baadaye, akiwa kaburini. Sina ubaya na nishani. Lakini tangu 1966 nchi ilikuwa na sheria ya hakimiliki, na kwa muda wote aliokuwa hai haikuwahi kuwa na ofisi ya kumkusanyia mtunzi hata senti.

Sasa tuutazame mkono wa pili.

Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA, liliundwa 1974. Sheria Namba 23 ya 1984 ikaanzisha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililochukua kazi za mabaraza yaliyotangulia. Ukisoma majukumu ya BASATA unakutana na maneno mazuri ya kufufua, kuendeleza, kutafiti na kushauri, na pia ya kusajili na kusimamia. Ya kufufua na kutafiti yanahitaji fedha za kutoa. Ya kusajili na kusimamia huleta fedha. Taasisi yoyote duniani yenye bajeti ndogo, ikipewa orodha ya aina hiyo, itaegemea upande unaolipa. Sidhani kama palikuwa na hila. Ni hesabu tu ya ofisi inayotakiwa kujiendesha.

Hivyo kadiri ruzuku ilivyopungua, vibali viliongezeka. Leo bendi inayotaka kupiga Jumamosi katika baa ya Kinondoni inaanza na usajili wa kikundi, kibali cha onyesho na ada ya mwaka. Mwenye ukumbi ana leseni yake ya biashara, leseni ya vileo, leseni ya hakimiliki ya kupigia muziki hadharani, kodi zake, na muda wa mwisho wa kupiga. Juu ya hayo kuna kanuni za kelele, ambazo zina haki yake kwa mgonjwa na mwanafunzi wa jirani, lakini ambazo zimekuja bila mtu kupanga mahali ambapo kelele zinaruhusiwa. Mipango miji ya miaka ya hamsini na sitini iliweka kumbi za jamii kama Arnautoglu Mnazi Mmoja. Mipango iliyofuata iliweka maduka. Mwenye baa akijumlisha gharama hizo anakuta kwamba didijei mmoja mwenye kompyuta anamtosha, na mtu asimlaumu.

Kanuni za BASATA za 2018 ziliongeza uzito kwa msanii mmoja mmoja: usajili, ada, uhakiki wa kazi kabla ya kuitoa, na adhabu kwa anayekiuka. Kilichofuata kinajulikana. Desemba mwaka huo Diamond na Rayvanny walifungiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi baada ya kuupiga jukwaani wimbo Mwanza uliokuwa umepigwa marufuku. Adhabu ikaondolewa Januari. Karibu miaka miwili nyuma, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo Wapo, kisha akaachiwa baada ya Rais Magufuli mwenyewe kusema aachiwe na wimbo upigwe. Wengi waliishangilia hatua ile ya Rais. Mimi niliona tatizo lilelile kwa upande wake mwingine. Wimbo unaokatazwa na ofisa na kuruhusiwa na Rais ni wimbo usio na sheria inayoulinda. Kesho yake mtunzi mwingine atakaa chini na kalamu akijiuliza atasikilizwa na nani kati ya hao wawili.

Tena tusidanganyane kwamba mkaguzi analinda maadili tu. Msanii anayefungiwa mwezi huu ndiye anayeitwa kwenye kampeni mwezi ujao. Tanzania One Theatre, yaani TOT, iliundwa 1992, vyama vingi vilipokuwa vinarudi, na Kapteni John Komba akaifanya chombo cha CCM kwa ufundi ambao hata wapinzani walikiri. Mwaka 2010 chama hicho kilizunguka nchi na Pii Pii ya Marlaw. Tangu hapo kila uchaguzi ni msimu wa mavuno kwa wanamuziki, kwa vyama vyote vyenye fedha. Sijui nani angemlaumu baba wa watoto watatu kwa kuchukua kazi hiyo. Lakini ajira ya miezi mitatu kila baada ya miaka mitano ndiyo iliyobaki ya ule ufadhili wa dola, na masharti yake ni yaleyale ya ngonjera, isipokuwa imani.

Kati ya mwajiri aliyeondoka na mkaguzi aliyebaki walipita wafadhili wa nje. Mfuko wa Utamaduni ulioanzishwa 1998 ulisimama kwa msaada wa Sweden, ukagawa ruzuku kwa vikundi vidogo mikoani, kisha wafadhili walipogeukia mambo mengine ukafifia. Zanzibar, yenye sera na mabaraza yake, imepitia njia hiyohiyo: tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, lilishindwa kufanyika 2016 kwa kukosa fedha, na chuo cha muziki cha Forodhani, kinachofundisha taarab tangu 2002, mwaka 2019 kilikuwa karibu kufunga milango wadhamini wake wakubwa walipojitoa. Sera ya Utamaduni ya 1997, kwa upande wa Bara, ilikuwa imeahidi mazingira bora kwa wasanii. Ni hati iliyoandikwa vizuri. Mfuko mpya ulioanza kazi miaka ya karibuni unatoa mikopo kupitia benki. Mkopo humsaidia mwenye studio na mwenye kampuni ya filamu. Mpuliza tarumbeta wa miaka sitini na nane hana cha kuweka dhamana, na hatujui atarejesha kwa nyimbo gani, kwa kuwa hatujakubaliana nyimbo zake ni za nani.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni Bongo Fleva, nami nalichukua kwa uzito. Vijana wa miaka ya tisini hawakuwa na shirika, hawakuwa na vyombo, hawakusubiri kibali. Waliingia studio za P Funk na Master J, wakaimba juu ya mdundo wa kompyuta, na leo muziki wao unapigwa Lagos na Johannesburg. Je, huo si uthibitisho kwamba sanaa hustawi serikali ikikaa pembeni? Kwa sehemu ndiyo. Walistawi kwa sababu waliikwepa gharama ambayo sera ilikuwa imeacha kuilipa. Mdundo wa kompyuta ndiyo njia ya kufanya muziki bila kulisha watu kumi na watano. Ila kilichopotea hakikurudi kwa mlango huo. Dar es Salaam, mji wenye watu zaidi ya milioni tano, unahesabu kwa vidole vya mikono bendi zenye kikosi kamili cha wapulizaji, na vijana wanaojifunza tarumbeta wanaifuata zaidi polisi, jeshini na makanisani, yaani mahali ambapo bado kuna mtu anayelipa mshahara. Jambo hilo peke yake linajibu swali la kama ufadhili ulikuwa na maana.

Halafu Bongo Fleva yenyewe imelikuta pengo lilelile la mali. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999 na chombo chake, COSOTA, kikafuata. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye CD na DVD, wakati ambapo CD ilikuwa tayari inakufa. Redio za FM, zaidi ya mia moja nchini, ziliendelea kujaza saa ishirini na nne kwa muziki wa watu. Ilipofika Januari 2022 serikali ikagawa mirabaha iliyotokana na redio na televisheni: zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Gawanya mwenyewe. Wastani ni kama laki tatu kwa mtu, miaka zaidi ya ishirini baada ya sheria kupita. Ilikuwa hatua ya mbele, nasema bila kejeli. Baada ya hapo sheria imebadilishwa, COSOTA ikageuzwa Ofisi ya Hakimiliki na kazi ya kukusanya ikafunguliwa kwa vyama na kampuni binafsi. Huenda zikakusanya vizuri zaidi. Zitakusanya kwa wenye nyimbo zilizosajiliwa, wenye namba ya simu na akaunti.

Kwa wale wa dansi tatizo liko nyuma ya hapo. Nani mwenye wimbo uliotungwa 1979 na mwajiriwa wa bendi ya shirika lililokwisha kufutwa, ukarekodiwa na redio ya serikali ambayo sasa ni TBC, kwa malipo ya mara moja yasiyo na mkataba unaoonekana? Mtunzi? Bendi? Msajili wa Hazina? Redio? Mwanasheria anaweza kutoa majibu manne na yote yakasikika vizuri. Kinachohitajika ni uamuzi wa kisera, kwa maandishi, kwamba haki za utunzi za nyimbo za bendi za mashirika ya umma ni za watunzi na warithi wao, na kwamba TBC, kwa vile inazitunza kanda, itangaze orodha: jina la wimbo, bendi, mwaka, mtunzi, walioshiriki. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa Ulaya wala mkopo wa benki. Inahitaji makarani wachache, wazee wa Msondo na Sikinde waliobaki hai wa kukumbuka nani alipiga nini, na waziri wa kutia saini.

Tena ina muda wake. Kwa sheria ya 1999 haki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965. Ulinzi wa nyimbo zake ulikwisha 2015, miaka saba kabla ya ule mgawo wa mirabaha ya redio. Warithi wa Marijani wana hadi 2045. Wa Mbaraka Mwinshehe wana hadi 2029.